Habari ya Chonge Zangu Mbili



Katibu aliponiandikia kwamba mwaka huu zamu ya kusema kabla ya chakula ni yangu, nilidhani nimeitwa kwa sababu ya kazi yangu ya upimaji wa ardhi, nami nikaanza kuandaa maneno juu ya hati na migogoro ya mipaka. Baadaye nikafikiri kwamba wengi wenu mnayo migogoro ya viwanja ya kuwatosha huko nyumbani, wala hamkupanda basi kutoka Songea na Bukoba ili kuja kuisikiliza tena. Basi nitasema juu ya meno. Mimi si daktari. Nitakayoyasema niliyapata kwa kulala chali kitini karibu miaka mitatu, na kuuliza maswali kila nilipoachiwa kinywa.

Wale tuliomaliza pamoja mwaka 1988 hawatashangaa. Mtakumbuka kwamba jina langu bwenini lilikuwa Mtoto. Aliyenibandika jina hilo ameketi meza ya tatu kutoka mlangoni, nami sitamtaja, maana sasa ni babu wa watu. Wala hakukosea. Nilikuwa na miaka 17, ndevu zimeanza kuchomoza, lakini chonge zangu za juu, zote mbili, zilikuwa zile za utotoni: fupi, nyeupe kama maziwa, ncha zake zimelika. Wenzangu waling'oa zao wakiwa bado shule ya msingi wakaota nyingine. Zangu zilikaa tu. Nikajifunza kucheka kwa kuweka kiganja mdomoni. Itazameni picha ya kidato chetu iliyopo ukutani pale: mstari wa nyuma, yule aliyebana midomo kama mtu anayeficha sarafu, ndiye mimi. Mwaka ule nilikataa kuwa kiranja wa bweni, na mwalimu wetu wa nidhamu, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, alidhani ni kiburi. Mwalimu, shikamoo. Hakikuwa kiburi. Kiranja husimama mbele ya gwaride la asubuhi na kufungua mdomo.

Nilipoanza kazi nilikwenda hospitali mara mbili tatu. Mmoja aliniambia nina bahati, kwani jino la utotoni likiwa imara halina haja ya kuguswa. Mwingine, mwaka 2006, aliikuta ya kushoto inalegea akaing'oa, akasema kubwa litakuja. Wala hapana aliyenipiga picha. Nikangoja mwaka mzima kama abiria aliyesimama kwenye kituo ambacho mabasi yamekihama. Mwaka 2007, nikiwa na miaka 36 na pengo kubwa mbele ya watu, nilikwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa kupanga meno, akanipiga picha ya eksirei ya taya zima, akaibandika kwenye taa yake. Zilikuwepo. Chonge zangu mbili za utu uzima zilikuwa zimelala ndani ya mfupa wa juu, vichwa vimeelekeana nyuma ya meno ya mbele, kama ndugu wawili waliolala kitanda kimoja. Zilikuwa zimelala hivyo tangu tukiwa hapa tunakula maharage.

Sasa naomba niwaeleze kidogo jambo lenyewe, maana nadhani hata humu ukumbini wamo wenye nalo bila kujua. Jino lililokwama ni lile ambalo wakati wake wa kutoka umepita nalo bado limo mfupani au chini ya ufizi. Linaloongoza kwa kukwama ni gego la mwisho, lile linalokuja mtu akiwa amekwisha kupevuka, na hilo kwa kawaida likisumbua hung'olewa, hapana anayehangaika kulivuta. Linalofuata ni chonge ya juu. Hupata watu wawili hivi katika kila 100, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Chonge huanzia juu sana, karibu na tundu la pua, na ina safari ndefu kuliko meno yote. Hutoka kwenye miaka 11 au 12, majirani zake wakiwa wamekwisha kukaa. Daktari aliniambia kwamba katika safari hiyo huteremka kwa kufuata mzizi wa jino la mbele lililo jirani yake, kama kipofu anavyofuata ukuta. Jirani huyo akiwa mdogo kuliko kawaida, au asipokuwepo kabisa, chonge hupotea njia. Kisha akaniambia nifungue kinywa nijitazame katika kioo chake: meno yangu ya pembeni ya mbele ni madogo kama misumari. Na jambo hili huenda katika ukoo. Marehemu mama yangu alikuwa na pengo mahali hapo hapo, nasi sote tulidhani lilitokana na kuanguka kisimani.

Kabla ya kugusa kitu, daktari alitaka kujua kama chonge zimelala upande wa shavu au upande wa kaakaa, kwa sababu picha ya eksirei ni bapa, haisemi kilicho mbele na kilicho nyuma. Hapa nilikaa sawasawa kitini, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mpimaji hupewa kutafuta jiwe la mpaka lililofukiwa, na akichimba ovyo atachimba shamba zima. Daktari alipiga picha mbili ndogo, ya pili akiwa amesogeza mashine kidogo pembeni, akazilinganisha. Mmepanda basi kutoka Morogoro mchana, mkatazama dirishani. Nguzo za umeme zilizo karibu hukimbilia nyuma, bali milima ya Uluguru iliyo mbali huonekana kwenda pamoja nanyi. Na meno ni hivyo hivyo. Jino linaloonekana kusogea upande uleule uliosogea mashine liko mbali, yaani upande wa kaakaa. Linalokwenda kinyume liko karibu, upande wa shavu. Zangu zote mbili zilikwenda pamoja na mashine. Kanuni hii iliandikwa na mtu aitwaye Clark kiasi cha mwaka 1910, na bado inafanya kazi mahali popote penye mashine ya kawaida. Siku hizi kuna mashine zinazotoa picha ya pande zote tatu, zilizoanza kutumika kwa meno mwishoni mwa miaka ya 1990, nazo huonyesha vizuri zaidi kama chonge imeanza kula mzizi wa jirani. Maana hufanya hivyo. Chonge iliyolala vibaya huweza kuulamba mzizi wa jino la mbele kidogo kidogo mpaka ubaki nusu, na mwenyewe asisikie hata chembe ya maumivu. Mzizi wangu wa kulia ulikuwa umeanza kulika nchani.

Daktari huyo alinipendeza kwa sababu hakuniuzia kitu. Aliniambia naweza kuziacha zilipo na kupiga picha kila baada ya muda, kwani mtu mzima huweza kufa mzee na chonge zake mfupani bila tatizo; lakini kwa mzizi ule ulioanza kulika, yeye asingeshauri. Naweza kuzitoa zote na kuweka meno ya bandia. Au tunaweza kujaribu kuzivuta zije mahali pake, naye akalirudia mara mbili neno kujaribu. Kwa mtoto wa miaka 13, alisema, angeniahidi. Kwa mtu wa miaka 36 hawezi.

Nilimwuliza kwa nini umri ni kitu, ikiwa mfupa ni mfupa. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika darasa la baiolojia, au pengine lilifundishwa siku niliyosinzia. Jino halikugandishwa katika mfupa. Kati ya mzizi na mfupa ipo ngozi ya nyuzinyuzi, nyembamba isiyofika nusu milimita, na jino limening'inia humo kama machela. Ukilisukuma jino pole pole upande mmoja, mfupa ulio mbele yake hulika, na ulio nyuma yake hujengwa upya, kwa sababu mfupa ni kitu hai, una chembe hai zake za kubomoa na za kujenga. Hivyo ndivyo jino linavyosafiri, kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Na mfupa wa mtu mzima hufanya kazi hiyo vilevile, ingawa huchelewa kuanza. Tatizo ni ile ngozi. Jino lililolala bila kazi miaka 20 au 30 huweza kupoteza nyuzi zake mahali fulani, hata kwa upana wa punje ya ulezi, na hapo mfupa hushikana na mzizi moja kwa moja. Jino la namna hiyo halivutiki tena, wala picha aghalabu haionyeshi. Utajua tu ukilivuta likakataa.

Mke wangu ndiye aliyeamua. Alisema amechoka kuolewa na mtu ambaye picha zake zote za harusi zinaonekana za msibani. Fedha nilizokuwa nimetenga za kuezekea nyumba zikaenda mdomoni, na nyumba ikangoja bati hadi mwaka 2010.

Nilifungwa waya za meno ya juu mwezi Machi 2007. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza nafasi, maana jino la utotoni ni jembamba, na mwenye nyumba hawezi kuingia chumba cha mtoto. Ya kulia ya utotoni nayo ikang'olewa. Ofisini niliulizwa kama nimeamua kurudi shule. Vijana wa kubeba fimbo za kupimia walinicheka porini mpaka wakachoka. Nikaacha muwa, kashata na mahindi ya kuchoma, na mishkaki niliikata kwa kisu kama mtalii.

Mwezi Agosti nikapasuliwa. Nilidungwa sindano za ganzi kwenye kaakaa (hizo zinauma, sitawadanganya), na baada ya hapo sikusikia ila kukwangua. Daktari wa upasuaji alifunua nyama ya kaakaa kama jalada la daftari, akaondoa mfupa mwembamba uliofunika, akafikia vichwa vya chonge, akavikausha, akabandika juu ya kila kimoja kijifungo kidogo chenye mnyororo mwembamba wa dhahabu. Kisha akairudisha nyama na kuishona, minyororo ikabaki inachungulia. Kijifungo hicho hushikwa na gundi, na gundi kushika juu ya jino ni elimu iliyotoka kwa Mmarekani Michael Buonocore, aliyeonyesha mwaka 1955 kwamba jino likipakwa asidi kidogo huwa na vishimo vidogo mno visivyoonekana, na humo gundi hupata mizizi. Zamani jino lililofichika lilifungwa waya shingoni kama mbuzi, na ili kuifikia shingo ilibidi kuchimba mfupa mwingi, na mara nyingi jino lenyewe liliharibika. Kwa siku tatu nilikula uji. Siku ya nne nilikuwa kazini.

Kisha kuvuta. Mtu hudhani kuvuta jino mfupani kunataka nguvu. La hasha. Nguvu inayotakiwa ni kama gramu 60, uzito wa yai moja la kuku, lakini iwepo usiku na mchana. Ukizidisha, unabana damu ya zile nyuzi na jino husimama. Chonge zilivutwa kwanza kurudi nyuma, ziachane na mizizi ya majirani, ndipo zije chini, ndipo zitoke nje kuingia mstarini. Kila baada ya wiki nne au tano nilipanda basi kwenda Dar es Salaam, mnyororo ukafupishwa tundu moja.

Mwezi Januari 2008, nikiwa kambini katika kazi ya kupima vijiji, nilihisi kwa ulimi kitu kama punje ya mchele kwenye kaakaa upande wa kushoto. Nilidhani ni mchele. Nilisukutua, kikabaki. Nikachukua kioo cha kunyolea na tochi, nikatoka nje ya hema watu wasinione, nikatazama. Ndugu zangu, nilikuwa na umri wa miaka 36, baba wa watoto watatu, nikasimama porini nikalia kwa kuota jino.

Ya kulia haikuja. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, mnyororo haukulegea. Jambo jingine likaanza, nami nililiona kabla ya daktari, kwa kuuma mkate: upande wa kulia meno yangu ya mbele yalikuwa hayakutani tena. Fikirini mtu aliyefunga kamba kwenye ng'ombe na kwenye nguzo ya boma, akavuta. Ng'ombe akigoma kabisa, nguzo ndiyo itakayoinama. Meno yangu mazima, yaliyoshika waya, yalikuwa yanavutwa kwenda juu kuifuata chonge ambayo imekwisha shikana na mfupa. Daktari akakata mnyororo siku ileile. Tulifungua tena, akaitikisa kidogo aone kama itaachia, tukavuta wiki nyingine nane. Haikuachia. Mwezi Septemba ikatolewa, na kuitoa kulichukua muda kuliko kuzifunua zote mbili. Yale meno yaliyopanda yalirudi chini yenyewe kwa msaada wa waya, na hapo nilipumua.

Kwa hiyo mnanitazama nikiwa na chonge ya kushoto iliyo yangu, iliyosafiri miezi 27 mpaka kusimama mstarini, na ya kulia ya bandia, iliyogandishwa kwa majirani kwa gundi ileile ya Buonocore. Jino la kupandikiza kwa skrubu ya titani lingekuwa imara zaidi, lakini bati zilikwisha subiri vya kutosha. Nyuma ya meno yangu upo waya mwembamba mpaka leo, maana meno yaliyohamishwa hukumbuka kwao.

Mwaka 2003 madaktari wawili wa Jerusalem, Becker na Chaushu, walitoa hesabu ya watu wazima waliovutwa chonge za kaakaa wakilinganishwa na watoto. Za watoto zilifanikiwa zote. Za watu wazima, kiasi cha 7 katika 10, na matumaini yalipungua kadiri umri ulivyozidi, hasa baada ya miaka 30. Mimi nilipata moja katika mbili. Nimeulizwa na wengi kama ningejua ningefanya. Ningefanya. Ila ningekwenda mwaka ule wa kwanza wa mshahara, si miaka 15 baadaye, na nisingetoka hospitali yoyote bila picha. Kwa aliye na umri wangu wa sasa, mwenye chonge iliyolala kimya na mizizi ya jirani mizima, sidhani ningemshauri aguse kitu.

Lakini ninyi wengi ni mababu, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Binti yangu wa mwisho alizaliwa mwaka 2001. Alipofika miaka 10 nilimwita, nikamwambia acheke, nikamtia kidole juu ya ufizi wa juu, nje, karibu na kona ya pua. Katika umri wa miaka 9 au 10 hapo panatakiwa kuwa na uvimbe mgumu kila upande: ni chonge inateremka. Kwake upande mmoja ulikuwepo, upande wa pili palikuwa bapa. Picha ikaonyesha nilichokiogopa. Daktari hakumfunga waya wala kumpasua. Aling'oa chonge ya utotoni ya upande ule, basi, dakika tano. Wasweden wawili, Ericson na Kurol, walionyesha mwaka 1988 kwamba kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 kung'oa huko peke yake kulizirudisha njiani chonge 36 kati ya 46. Ya binti yangu ilikuwa mojawapo ya bahati hizo. Ilitoka kabla hajamaliza darasa la saba.

Na kwa kuwa tumefika kwa watoto, niongeze la mwisho, ingawa najua litawaudhi wengine. Katika miaka ya 1980, sisi tukiwa shule, ilienea katika nchi yetu habari ya meno ya plastiki, wengine wakiyaita ya nailoni: kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ule uvimbe mweupe wa ufizi ndio ugonjwa, uchokonolewe. Uvimbe ule ni chonge ya utotoni ambayo haijatoka, na chini yake imelala mbegu ya chonge ya utu uzima. Kule Dar es Salaam, katika benchi la kungojea, nilikaa mara nyingi na kijana mmoja aliyechokonolewa kwa spoku ya baiskeli akiwa na miezi sita. Chonge yake moja haikuwahi kuumbika, ya pili ililala kombo, umbo lake kama karafuu. Yeye alisema ana bahati, kwa sababu ndugu yake aliyefanyiwa siku hiyohiyo alikufa.

Ndugu Mwenyekiti, naona pilau imeingia, nami sitashindana nayo. Kiberiti kinachozunguka mezani hivi sasa si cha kuwashia sigara. Ndani yake, katika pamba, imo chonge yangu ya kulia. Itazameni mzizi wake upande mmoja, pale penye rangi tofauti kama kovu. Hapo ndipo iliposhikana na mfupa. Yule ndugu wa meza ya tatu aliyeniita Mtoto anaweza kuishika kwanza. Wakiisha kuitazama wote naomba irudi kwangu, maana binti ameniambia nisirudi nyumbani bila hiyo.